Mgeni wa Kazi na Lugha Aliyopewa

Katika makala haya nakusudia kuzungumzia jambo ambalo wanahistoria wa uchumi hulipitia upesi, nasi walimu wa lugha aghalabu hatulitazami kabisa. Mtu anapoingia kazini kwa mara ya kwanza, mahali asipopajua, ni nani humpokea? Ni nani humweleza palipo na hatari, saa ya kula, na namna ya kusema kwamba anaumwa? Na humweleza kwa lugha gani? Mfano wangu mkubwa utakuwa wale maelfu ya Wanyarwanda walioandikwa kwenda kufanya kazi katika machimbo ya shaba ya Katanga tangu 1925, kwa sababu kwao swali hili lilikuwa la kufa na kupona, na Kiswahili kilikuwa katikati yake.

Tuanze nyumbani. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha hapa Gihundwe, juu ya vilima vinavyolitazama Ziwa Kivu na mji wa Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, ana bahati ambayo wenzake wengi nchini hawana: wanafunzi wake wamekwisha kukisikia Kiswahili sokoni Kamembe na mpakani kabla hawajafungua daftari. Lakini hata yule mwanafunzi asiyepata kukisikia anacho kinywani mwake bila kujua. Neno *akazi* la Kinyarwanda limetokana na kazi. Leo maana yake ni ajira yoyote ile. Wakati wa utawala wa Wabelgiji lilitumika hasa kwa kazi za shuruti za serikali, kama vile kutengeneza barabara, zilizoongezwa juu ya *uburetwa* uliokuwa ukidaiwa na machifu. Mshahara umekuwa *umushahara*. Posho imekuwa *iposho*. Kiboko, yaani mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, kimekuwa *ikiboko*. Kwenda nchi ya mbali kutafuta kazi ya malipo ni *gupagasa*, na hapo tunamwona waziwazi mpagazi wa misafara ya zamani.

Yafaa msomaji ayatazame maneno haya yote kwa pamoja. Yanataja kazi, malipo, chakula, mzigo na adhabu. Hakuna hata moja la kumkaribisha mtu. Wala haiwezekani kusema kwamba Kiswahili chenyewe kimepungukiwa: lugha iliyo na kungwi na somo, iliyo na kitenzi kizima cha kumfunda mwari kabla ya kumkabidhi maisha mapya, haina uhaba wa maneno ya kumwongoza mgeni. Basi hapana budi tuulize ni sehemu gani ya lugha iliyosafiri hadi huku, na ni nani aliyeibeba.

Wa kwanza kuibeba walikuwa watu wa misafara na askari. Eneo hili letu, ambalo wazee huliita Kinyaga, liliwaona wageni wenye bunduki mapema kuliko sehemu nyingi za Rwanda. Mwaka 1896 majeshi ya mfalme wa Rwanda yalishindwa huko Shangi na kikosi kilichotoka upande wa Kongo, na miaka miwili baadaye Wajerumani wakaweka kituo chao hapo hapo Shangi. Richard Kandt, tabibu Mjerumani ambaye baadaye alikuwa Mkazi wa serikali yake na kuanzisha Kigali mwaka 1907, alijenga nyumba yake ya kwanza karibu na Shangi kando ya ziwa. Wajerumani hawa hawakuja na Kijerumani midomoni mwa watu wao. Walikuja na wapagazi na askari, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili.

Sasa, msafara ulikuwa mahali pa kazi, tena mahali pagumu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikaribia frasila mbili, na njia ya kutoka Unyamwezi hadi pwani ilichukua miezi. Lakini kazi hiyo ilikuwa na desturi zake za kuwapokea wageni, ambazo hazikubuniwa na mwenye mali bali na wapagazi wenyewe. Wasafiri wa karne ya 19 waliwaona wavulana wa Kinyamwezi wakifuatana na jamaa zao, kila mmoja na kipusa kidogo cha pembe au kimzigo cha kadiri yake, wakijifunza mwendo kabla ya kubebeshwa mzigo wa mtu mzima. Njiani wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vya watu waliokula chungu kimoja: huyu huteka maji, yule huokota kuni, mwingine hujenga kibanda. Mgeni aliingia katika kundi kama hilo. Aliposhindwa kuendelea kwa sababu ya vidonda vya miguu, wa kwanza kujua walikuwa wale aliokula nao. Na utani wa makabila uliwapa watu wasiojuana ruhusa ya kuchokozana, na mtu anayechokozwa kwa utani amekwisha kukubaliwa. Kiongozi wa njia aliitwa kirangozi, na msimamizi aliitwa mnyapara. Tuliweke akilini neno hili la pili.

Simaanishi kwamba msafara ulikuwa peponi. Watu wengi walikufa njiani, na baadhi ya mizigo ilibebwa na watumwa. Nasema tu kwamba mpagazi huru wa Kinyamwezi alipoanza kazi, alikuta ngazi ya kupandia: mzigo mdogo kwanza, kisha mkubwa, wenyeji wa kazi kando yake, na lugha ambayo ndani yake angeweza kulalamika, kubishana juu ya posho, na hata kugoma. Migomo ya wapagazi imejaa katika vitabu vya wasafiri, na waandishi hao huitaja kwa hasira kubwa.

Tuingie Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, mji tuuitao leo Lubumbashi, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Nchi yenyewe haikuwa na watu wengi, na waliokuwapo hawakuwa na haja ya kushuka shimoni. Kwa hiyo tangu mwanzo kampuni iliishi kwa wageni. Miaka ya mwanzo wengi wao walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kwa mikataba ya miezi michache. Mtu alifika, akafundishwa kidogo, na alipoanza kuijua kazi, mkataba wake ulikwisha akarudi kwao. Kisha akaletwa mwingine, asiyejua lolote. Ilipofika katikati ya miaka ya 1920, mahitaji ya shaba yalikuwa yamepanda, na Rhodesia nayo ilikuwa karibu kuwahitaji watu wake kwa machimbo yake yenyewe. Kampuni ikageuza macho kaskazini, kwenye nchi yenye watu wengi, ambayo Ubelgiji iliitawala kwa udhamini wa Ushirika wa Mataifa na kuiunganisha kiutawala na Kongo kwa sheria ya 1925. Nchi hiyo ilikuwa Ruanda-Urundi.

Hebu tuifikirie safari ya mtu mmoja katika maelfu. Chifu wake ametakiwa kutoa watu, naye amemtaja. Anashuka kwa miguu kutoka milimani hadi Usumbura, anapanda meli juu ya Ziwa Tanganyika hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Hapo anaingizwa katika gari moshi hadi Kabalo, kisha katika chombo cha mtoni juu ya Lualaba hadi Bukama, kisha gari moshi tena hadi penye migodi. Ametoka kwenye baridi ya juu ambako malaria ilikuwa haba, akapita kwenye mabonde yenye mbu. Amezoea maharage, viazi vitamu na mtama. Sasa anapewa unga wa mahindi siku baada ya siku. Analala katika chumba kimoja na watu wasiojua lugha yake, na miongoni mwao wamo wenye vikohozi. Na haya yote yamempata kabla hajashika sururu.

Matokeo yalikuwa mabaya. Homa ya mapafu, kuhara damu na homa ya matumbo viliwashika wageni, na vifo vilikuwa vingi zaidi katika miezi ya mwanzo kuliko baadaye. Jambo hili halikuwa siri wala jipya. Huko Afrika Kusini, katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, watu wa nchi za joto walikuwa wamekufa kwa homa ya mapafu kwa wingi hata serikali ikakataza, mwaka 1913, kuandika wafanyakazi kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini. Wenye migodi walimwita daktari Mmarekani William Gorgas, aliyesifika kwa kupambana na homa ya manjano na malaria katika kuchimba Mfereji wa Panama. Aliyazuru machimbo, akashauri watu wasisongamane vyumbani, na kwamba ingefaa waishi na jamaa zao katika vijiji. Madaktari wa Katanga waliyasoma mambo haya. Wawili kati yao, Pearson na Mouchet, walitoa kitabu mwaka 1923 juu ya afya katika kambi za wafanyakazi wa Afrika ya joto.

Basi Katanga ikaanza kumpokea mgeni kwa mpango. Wageni hawakupelekwa mgodini mara tu walipofika, bali waliwekwa kwanza katika kambi za kuzoea. Huko walipimwa, wakachanjwa, wakalishwa, na kupewa kazi nyepesi iliyoongezwa kidogo kidogo. Chakula kiliangaliwa upya. Ndivyo kampuni ilivyoligundua, kwa gharama ya makaburi, jambo ambalo wale wavulana wa Kinyamwezi na pembe zao ndogo walilijua zamani.

Hatua ya pili ilikuja mnamo 1927 na 1928. Badala ya miezi sita, mkataba uliwekwa wa miaka mitatu. Badala ya kumkataza mtu kuja na mkewe, kampuni ilimhimiza amlete. Zikajengwa nyumba bora kuliko vibanda vya zamani, zikafunguliwa zahanati za akina mama na watoto wachanga, na shule za kambi zikakabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki. Aliyehusika sana na sera hii ni Dkt. Léopold Mottoulle, ambaye aliieleza baadaye katika kitabu chake cha 1946. Ukimsoma Mottoulle utaona kwamba kwake mfanyakazi ni mtoto na kampuni ni mzazi. Vifo vilipungua, hilo ni kweli na lazima lisemwe. Wala tusidanganyike juu ya nia. Mgeni anayekufa katika mwezi wa tatu ni hasara kwa yule aliyelipa nauli yake ya meli na reli, na mgeni anayerudi kwao baada ya miezi sita huondoka na ujuzi uliogharimiwa. Hesabu ndiyo iliyoleta huruma. Wafanyakazi wa Elisabethville walipogoma kudai mishahara mwezi wa Desemba 1941, baba huyo hakuwalinda watoto wake: walipigwa risasi na askari.

Nimekaa sana kwenye chakula na nyumba kwa sababu humo ndimo maisha ya watu yalimookolewa. Lakini sasa nifike kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu.

Machimbo ya kusini yalikuwa na lugha yao ya kazi, Fanagalo, iliyochanganywa kutokana na Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans. Mgeni alifundishwa maneno yake katika siku zake za mwanzo ili aelewe amri. Ilipanda na reli na wazungu wa kusini hadi Rhodesia, na Katanga ya mwanzo iliisikia pia. Wabelgiji hawakuipenda, kwani ilinuka Uingereza. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyoshika nafasi hiyo katika Katanga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na jinsi sababu za kisiasa zilivyochangia. Wafanyakazi sasa walitoka mashariki na kaskazini, wasimamizi walihitaji lugha moja, na Kiswahili kilikuwa tayari kinajulikana katika njia za biashara.

Ni Kiswahili gani lakini? Fabian amevichunguza vijitabu vya maneno na mazungumzo vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu waliokuja kufanya kazi Kongo, naye ameonyesha jinsi sentensi zake zilivyojaa amri. Mwalimu yeyote anaweza kuona maana ya jambo hili kwa kulinganisha na daftari lake mwenyewe. Lete, beba, chimba, ngoja, nyamaza, haraka. Amri ndiyo umbo fupi kuliko yote ya kitenzi chetu. Halina kiambishi cha nafsi, halina njeo, na halimhitaji msemaji wa pili. Anayefundishwa Kiswahili kwa amri peke yake anafundishwa kusikia. Hafundishwi kujibu, wala kuuliza. Na uone kwamba vitabu hivyo vilimhudumia mgeni wa namna moja tu, yaani Mzungu aliyefika juzi kutoka Ulaya. Yeye pia alikuwa mgeni kazini, naye alitayarishiwa lugha ya kuanzia. Mchimbaji hakuandikiwa kitabu.

Kwa Mnyarwanda hatari ilikuwa ya pekee, kwa sababu Kiswahili kinafanana na lugha yake kiasi cha kumdanganya. Tazama kitenzi *guteka*. Kwetu maana yake ni kupika. Mtu wa Rwanda anayeambiwa ateke maji ana haki ya kuyaweka motoni. Hilo ni la kuchekesha. Lakini tazama *kuruka*. Katika Kiswahili ni kutoka chini kwenda juu, au kupita juu ya kitu. Katika Kinyarwanda ni kutapika. Sasa mfikirie mgeni mwenye kuhara damu mbele ya mganga wa kambi, ambaye anatafuta neno la Kiswahili, akaliona la kwao limo humo humo, akasema kwamba tangu jana anaruka. Au mfikirie yule aliyepigiwa kelele "ruka!" pembeni mwa behewa la mawe. Chukua tena *umuriro*: ni moto, na ni homa pia, kwa hiyo mwenye homa atasema ana moto, na jibu linaweza kuwa apelekwe penye kivuli. Sikusoma popote kwamba mambo haya yalimfika fulani siku fulani. Nayachukua katika lugha zenyewe, ambazo hazijabadilika kwa maneno haya. Nimewasikia wanafunzi wangu wakiyakosa mwaka hata mwaka, nao wana kamusi na mwalimu.

Ni nani basi aliyemfundisha mchimbaji Kiswahili cha kuishi nacho? Jibu limo katika jina ambalo watu wa Katanga walimpa mkubwa wa kambi, na wengine wakaipa kampuni yenyewe: Changachanga. Kwa kawaida jina hilo hufasiriwa kuwa mchanganyaji, yule anayechanganya watu wa makabila mbalimbali mahali pamoja. Kampuni iliwachanganya kwa faida yake. Lakini waliochanganywa walihitaji kukopeshana chumvi, kuulizana juu ya mtoto mgonjwa, kugombana na kupatana. Amri haikutosha kwa hayo. Hapo ndipo kuja kwa wake kulipozidi hesabu ya kampuni. Mume angeweza kupita siku nzima mgodini kwa maneno ishirini. Mke aliyekaa kambini, mlango kwa mlango na majirani wasiojua Kinyarwanda, hakuweza. Na watoto waliokua pamoja katika kambi hizo walikifanya Kiswahili kuwa lugha yao ya kwanza, hata leo miji ya Katanga inayo lugha ya mama ambayo babu zao waliikuta ni lugha ya kupangia foleni.

Kiswahili hicho hatukipendi sana sisi wa vyuoni. Watu husema *bantu* na *bana* badala ya watu na wana, na *njo* badala ya ndiyo au ndiye. Lakini mwalimu wa Rwanda anapaswa kuyasikiliza maumbo haya kwa sikio jingine. Mnyarwanda aliyefika kambini akasikia *bantu*, alikuwa amesikia *abantu* wa kwao. Lugha ilisogea upande wa mgeni, ikampa mahali pa kushika. Sisemi tuyafundishe darasani wala tuyaandike katika mitihani. Nasema ni ushahidi wa watu kusaidiana bila mwalimu, na si ushahidi wa uvivu, kama nilivyosikia ukidaiwa katika mikutano kadhaa ya walimu.

Ukaribisho huo haukudumu kwa wote. Bei ya shaba ilipoanguka katika mdororo wa dunia, kampuni iliwapunguza watu kwa wingi kuanzia 1930 na 1931, na Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao kwa njia ile ile ya reli na meli. Walirudi na nini? Mishahara kidogo, nguo, na Kiswahili. Kuandikwa kwa watu wa Rwanda kwenda Katanga hakukurudi tena katika kiasi kile, ingawa safari za kazi ziliendelea kwenda Uganda, Tanganyika na Kivu. Hapa mpakani mashamba na maduka ya upande wa Bukavu yaliendelea kuwaita watu kuvuka Rusizi.

Nirudi kidogo kwa mnyapara, niliyeomba tumweke akilini. Katika msafara alikuwa msimamizi aliyetembea jua lile lile na wapagazi. Katika kazi za kikoloni neno hilo lilibaki kuwa na maana ya msimamizi, lakini sasa alisimama juu ya watu akiwa amewekwa na tajiri. Katika Kongo na kwetu aliitwa pia *kapita*, neno lililoanzia kwa Wareno. Neno lilibaki, kazi ikageuka. Huyu ndiye mtu ambaye mgeni alikutana naye kwanza, na ndiye aliyejua lugha zote mbili. Angeweza kuwa mwalimu. Katika mpango wote ule wa madaktari, wa chakula na wa nyumba, sijaona mahali ambapo kufundisha lugha ya kuuliza kulifanywa kuwa sehemu ya kazi yake.

Yote haya yanatuhusu kwa sababu ya hali ya leo. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2022. Mwanafunzi anayemaliza shule hapa Gihundwe anaweza kuanza kazi katika ofisi ya forodha, katika duka la dawa Bukavu, katika hoteli ya Dar es Salaam. Shule inamtayarisha kwa insha na ngeli. Mwajiri naye, akiwa na subira, atampa karatasi yenye kanuni. Mimi ningependa masomo ya Kiswahili cha kazini yaanze pale ambapo vijitabu vya kikoloni vilinyamaza. Somo la kwanza liwe la maswali: nifanyeje, niulize nani, hiki kinaitwaje, nimekosea wapi. La pili liwe la ukanushi, maana mgeni asiyeweza kusema "sijaelewa" atasema "ndiyo" kwa kila jambo, na "ndiyo" hiyo huvunja mashine na huua watu. La tatu liwe la mwili na maumivu yake, pamoja na yale maneno ya kudanganya ya Kinyarwanda, yaandikwe ubaoni waziwazi. Amri zitakuja zenyewe. Hakuna mahali pa kazi palipowahi kukosa mtu wa kuzitoa.

Watakaosema kwamba hili ni jambo la waajiri, wala si la walimu, nawaomba wasome kitabu kimoja kidogo. Mwaka 1965, huko Elisabethville, chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu kilitoa maandishi yao kwa Kiswahili cha Katanga, yaliyokusanywa na André Yav. Fabian aliyachapisha upya pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Humo watumishi hao wanasimulia habari za mji tangu mwanzo wake, za mabwana waliowatumikia, na za kazi ilivyokuwa. Hawakufundishwa na shule yoyote kuandika lugha hiyo, na tahajia yao inamchosha msomaji hata aisome kwa sauti ndipo aielewe. Miaka hamsini na zaidi walikuwa wamesemeshwa kwa vijitabu vya maneno. Walipopata nafasi ya kuandika chao wenyewe, kilichokuwa historia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, walikiita *Vocabulaire*, yaani Msamiati.